Mchinjaji na Kishingo wa Mama

Si mtu wa kubisha hodi. Ukimwita, utamsikia tangu barabarani, sauti imetangulia na mwenyewe yuko nyuma: "Jamani, mshitakiwa yuko wapi?" Ukitoka unamkuta kwenye kona ya ukuta, kofia nyeupe kichwani, kisu kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu na kubanwa kwapani. Mshitakiwa ni kuku. Na hatamgusa huyo kuku mpaka umjibu swali lake la pili, ambalo huliuliza kwa uso mkavu kabisa, kama hakimu: "Kosa lake nini?"

Ukiwa mgeni mtaani kwetu utababaika. Sisi wenyeji wa Msamala tumeshazoea. "Kosa lake amekuja shemeji," unasema. Naye anatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hilo ni kosa kubwa. Hana rufaa." Ndipo anakunja mikono ya kanzu.

Kila mtu anamwita Mchinjaji, na sidhani kama mtaani kuna watu watano wanaolijua jina alilopewa na wazazi wake. Asubuhi huwa Majengo, sokoni, anawachinjia kuku mama lishe na wenye mahoteli. Mchana ni wetu. Mtaa wetu umechanganyika: kuna Wangoni wa kanisani kama mimi, Wayao wa Tunduru kama yeye, Wamatengo kutoka Mbinga, na walimu waliohamishwa kutoka huko Kagera ambao mpaka leo wanalalamikia ndizi zetu. Kuku akichinjwa na mimi, jirani zangu Waislamu watakaa na sahani tupu wakitabasamu kwa adabu. Akichinjwa na Mchinjaji, tunakula wote na mifupa tunagombania. Kwa hiyo asubuhi ya Krismasi hakuna mtu Songea mwenye kazi nyingi kuliko yeye, labda padri peke yake. Anazunguka nyumba kwa nyumba, "Heri ya Krismasi, mshitakiwa yuko wapi," na saa sita anarudi kwake amechoka, ananukia soda aliyopewa kila mlango.

Masharti yake sasa! Mungu amsamehe, ananichosha. Kuku apewe maji kwanza. Kuku asikione kisu. Kuku mwingine asiwe karibu akaona, na kama banda liko wazi anakwenda mwenyewe kulifunika na gunia. Na sharti lililotaka kunivunjia ndoa: kuku aliyekimbizwa hachinjwi mpaka apumue. Siku moja wakwe zangu walikuja kutoka Mbinga bila taarifa. Jogoo akatukimbiza uani nusu saa nzima, mimi na kanga yangu, mpaka tukamkamata. Mchinjaji akafika, akamtazama jogoo anavyohema, akavuta kigoda akakaa.

"Mzee, wageni wana njaa," nikamwambia.

"Mwache apumue kwanza, mwanangu. Hata wewe usingependa kuondoka duniani huku unahema."

"Mzee!"

"Wape chai."

Nikawapa chai. Nikawapa chai tena. Watu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hiyo mgeni nusura afe. Mama mkwe akaniuliza kwa upole, ule upole wao wa sumu, kama kwetu kuku huwa tunamchinja au tunasubiri azeeke afe mwenyewe. Nilimchukia Mchinjaji wiki nzima. Nilimsalimia shikamoo kwa meno tu, naye akaitikia marahaba kwa furaha zote kama hajaona kitu.

Kuku mwenyewe hali. Ndiyo, mtu anayechinja kuku wa nusu ya mji hagusi nyama ya kuku, hata mchuzi wake. Chakula chake ni ugali na dagaa wa Nyasa, basi. Ukimuuliza, kila mtu anampa jibu lake. Mimi aliniambia kwamba muuza majeneza halali ndani ya jeneza. Jirani alimwambia tumbo linakataa. Mkewe, mama mmoja mpole ambaye akicheka machozi humtoka kabla ya sauti, aliniambia kweli yenyewe: "Anaona kinyaa tu huyu. Akiona nyama anayakumbuka manyoya."

Na huyo huyo shujaa wa kisu anaogopa sindano! Alipata malaria mwaka fulani, tukampeleka zahanati mimi na mkewe. Nesi alipotoa sindano, mzee akashika mkono wa mkewe kushoto na wangu kulia, akafumba macho, akasoma kila dua anayoijua, za kula na za kusafiri. Nesi akamwambia, "Baba, bado hata sijakugusa." Kurudi nyumbani akatuapisha tusimwambie mtu. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimewaambia watu saba.

Sasa nieleze habari ya Mama, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kumzungumzia huyu mzee.

Baba alipofariki, Mama alibaki peke yake Madaba kwenye nyumba yao. Kaka yangu yuko Makambako, anafanya biashara ya viazi na ana pikapu yake. Mimi nina duka la vitenge hapa Songea, na mume wangu ni dereva wa lori, leo yuko Tunduru kesho yuko Mbeya. Tukadhani Mama ataweza. Presha ikamwangusha uani kwake, akalala pale chini mpaka watu waliokuwa wanakwenda kuchota maji wakamwona. Tuliposikia, hatukujadiliana. Kaka akamchukua, akamleta kwangu.

Alikuja na begi la nguo na kuku mmoja. Kuku mwenyewe kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, mwekundu, ana sura ya mtu aliyeamka vibaya. Kuku wengine wote aliwagawa. Huyu alikataa kumgawa, na njiani kutoka Madaba alimpakata.

Mama hakuipenda Songea. Alikaa uani kwangu akiutazama ukuta. Jumapili alikwenda misa akarudi, basi, geti hakulivuka tena mpaka Jumapili nyingine. Jirani wakija kumsalimia anaingia chumbani. Mazungumzo yake yote alikuwa nayo na kishingo, kwa Kingoni, kwa sauti ya chini. Nikirudi dukani namkuta: "Wewe unasemaje? Na mimi nasema hivyo hivyo." Nikimwambia, "Mama, twende basi tukatembee Majengo uone watu," ananijibu, "Watu niliwaona Madaba." Siku moja nikamsikia anaongea na kaka kwenye simu: "Mwezi wa saba ukiteremka na viazi, njoo unirudishe kwangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu, na mimi kamba yangu iko huko."

Kaka ni mtoto mtiifu mno, na mimi ndiye niliyekuwa mkorofi tangu utoto. Akamwambia, "Sawa, Mama." Nilimpigia baadaye nikamfokea mpaka vocha ikaisha. Akianguka tena nani atamwona? Akasema amemwahidi mama yake, hawezi kurudi nyuma. Nikabaki na hofu hiyo, naamka nayo, nalala nayo.

Ndipo kuni zikaporomoka. Tulikuwa tumezipanga ukutani jikoni kwa nje, na kishingo alikuwa anachakura chini yake kama kawaida yake. Tulisikia kishindo na ukelele mmoja. Kumtoa, mguu wa kushoto unaning'inia.

Mama hakulia. Alimtazama, akasema, "Mwite mtu wa kisu." Halafu akaongeza kwa sauti ambayo sitaisahau: "Ndiye aliyekuwa ananisemesha hapa." Nikampigia Mchinjaji.

"Jamani, mshitakiwa yuko wapi?"

Safari hii Mama hakuingia chumbani, maana alikuwa amempakata kuku. Mchinjaji akamsalimia kwa adabu, akamnywesha kishingo maji kwa kiganja, kisha akauliza kama anavyouliza siku zote: "Kosa lake nini?"

Mama hakuujua mchezo wake. "Amevunjika mguu."

"Mimi nimeuliza kosa, mama. Tangu lini kuvunjika mguu kukawa kosa?"

"Kuku wa mguu mmoja atafanya nini? Chinja, baba, usinichoshe."

Mchinjaji akachuchumaa, akauangalia ule mguu bila kuugusa. Kisu kilikuwa bado kwapani. "Mama ni mtu wa wapi?"

"Madaba."

"Mngoni?"

"Mngoni. Sasa?"

Jamani, uso wa mzee yule uliwaka! Alisimama kama kijana. "Ahaa! Mtani wangu! Ndiyo maana anataka kuua majeruhi! Babu zako walipopita kwetu na mikuki yao waliteka mbuzi, wakateka mahindi, wakamteka na bibi yangu pamoja na chungu chake jikoni, ugali haujaiva. Mnakumbuka, au mnajifanya hamkumbuki? Leo na sisi tunateka." Akampokonya kuku mapajani, akamfunika na ile kanga ya kisu, kisu chenyewe akaninyooshea mimi nikishike, akatoka getini.

Mtani akichukua kuku wako utamfanya nini? Polisi huendi. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Lakini Mama alikuwa hajataniwa tangu msiba wa Baba, na nadhani kilimpata kabla hajajiandaa. Alisimama. Akafika getini. Akapaza sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "We Myao! Rudisha kuku wangu! Jizi la mchana! Mla korosho mbichi!"

"Za kuchoma pia nakula!" ilijibu sauti kutoka barabarani.

Usiku Mama alikula ugali wote. Asubuhi nikamkuta amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu. "Anakaa wapi yule mwizi?" Sikufungua duka. Nilimwongoza mwenyewe, sikutaka hata kupumua kwa nguvu asije akabadili mawazo.

Kwake Mchinjaji ni karibu, ukivuka barabara na kupita kwa fundi seremala. Tulimkuta kishingo kwenye tenga lililotandikwa maranda, na kikopo cha maji mbele ya mdomo. Mzee alikuwa amempigia simu bwana mifugo, akaambiwa afanyeje: vijiti viwili laini, pamba, kitambaa, asikaze sana, na kuku akae peke yake wenzake wasimdonoe. Vijiti alikuwa amechonga vya mwanzi, amevisugua mpaka vimekuwa laini. Mkewe akamshika kuku. Mzee akatoa ulimi pembeni ya mdomo, akaunyoosha mguu taratibu, akaweka pamba, akaweka vijiti, akaanza kuzungusha kitambaa. Wote tulimkazia macho. Hata Mama alikuwa amesahau matusi yake. Mikono ile ilikwenda haraka na kwa uhakika, fundo la kwanza, fundo la pili, akakata kwa meno.

"Tayari," akasema.

Tukatazama. Alikuwa amefunga miguu yote miwili pamoja. Kamba ya sokoni kabisa, ile ya kumning'iniza kuku kichwa chini kwenye baiskeli. Maisha yake yote mikono ile ilikuwa imefunga miguu ya kuku namna moja tu, nayo haikuuliza mtu.

Mama akasema, "We Myao. Unamtibu, au unampeleka sokoni?"

Akacheka mwenyewe. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu ikabidi ashike ukuta. Mke wa mzee alikuwa ameshaanza kutokwa machozi. Mchinjaji aliitazama mikono yake kama amekuta ya mtu mwingine, akasema, "Astaghfirullah," naye akaanguka kwa kicheko. Kuku peke yake ndiye hakuona cha kuchekesha. Nililia, sioni haya kusema. Kicheko kile cha Mama nilikisikia mara ya mwisho Baba akiwa hai.

Tangu siku hiyo Mama akawa na kazi. Chai ikiisha tu, anavaa viatu. "Nakwenda kumwangalia mgonjwa wangu kabla yule muuaji hajamkosea dawa." Akifika wanagombana. Yeye anataka kuku apewe pumba za mahindi na dagaa waliosagwa. Mzee anasema dagaa ni wake, kuku ale mchicha. Mama anafungua bandeji anaifunga upya. Akiondoka, mzee naye anaifungua anaifunga kwa namna yake. Mzee alimsemesha kuku kwa Kiyao, Mama kwa Kingoni, na mke wa mzee akasema huyu ndege atajua lugha mbili kabla hajajua kutembea. Wanawake wa ule upande wakaanza kuja na vigoda vyao kusikiliza matusi. Ukipita unasikia: "Nyie Wayao ngoma ikilia mnaacha ugali jikoni unaungua!" Na jibu: "Afadhali sisi tunaacha ugali. Mngoni akionja ulanzi anaacha hata nguo!" Mama yangu, aliyekuwa anajificha chumbani jirani wakija kumsalimia!

Kuna siku moja tu ambayo hakukuwa na mzaha. Niliitwa kutoka dukani. Vidole vya kishingo vilikuwa vimevimba na kubadilika rangi, ukivishika ni vya baridi. Mama ndiye aliyefunga siku ile, na kwa kutaka kumwonyesha mtani wake namna ya kufunga, alikuwa amekaza kupita kiasi. Nilimkuta amekaa chini kabisa, mikono mapajani.

"Nimemuua," alisema. "Basi tena. Nimemuua mwenyewe."

Nilitegemea mzee atoe mojawapo ya zile zake. Hakutoa. Alikuwa ameshafungua kitambaa, anavisugua vile vidole kimoja kimoja kwa dole gumba, taratibu, kama mtu anayempasha mtoto moto. Akasema bila kuinua kichwa, "Hujaua. Hapa anayejua kuua ni mimi, na mimi nakwambia hujaua."

Tukakaa. Mkewe akaleta maji ya vuguvugu. Baada ya muda kidole kimoja kikajikunja, chenyewe. Mama akamshika mzee mkono, Mngoni wa watu na Myao wa watu, halafu akautupa haraka akamwambia mikono yake inanuka dagaa.

Mimi nilidhani nimemwelewa. Nilidhani mzee aliona mama yangu anavyokauka pale uani, akatumia hekima yake, akamteka kuku ili Mama atoke. Nikampa shukrani zangu siku moja, kwa maneno mazuri niliyoyapanga tangu nyumbani. Alinitazama juu chini.

"Mwanangu, usinipe sifa za bure. Nilimtaka kuku. Kishingo wanataga sana."

"Mzee, na kuhusu kumchinja..."

"Ningemchinja yule, bibi yangu aliyetekwa angefufuka anizabe kofi. Mtani umempata, kuku umempata, halafu utoe kisu? Una akili wewe?"

Nikamuuliza basi inakuwaje kila alfajiri anakwenda Majengo kuchinja kuku wazima, halafu mchana anakuja kumbembeleza kilema. Akafikiri. Alifikiri kweli, si kwa kuigiza. "Wale wana kesi zao," akasema, akaenda kuswali.

Siku kishingo alipokanyaga chini kwa miguu yote miwili, mzee alizunguka mtaa mzima kutangaza kwamba mshitakiwa ameachiwa huru. Kuku alichechemea kidogo, bado anachechemea, lakini anachakura, na anafukuza kuku wenzake kwenye chakula kwa ukali ule ule wa zamani. Mama akasema, "Haya, lete kuku wangu." Mzee akasema mateka harudi. Mama akasema basi na yeye ataendelea kuja mpaka kieleweke.

Mwezi wa saba ukaingia. Ninyi mnaojua Songea mnajua baridi ya mwezi wa saba, ukungu mpaka saa nne na watu wamevaa makoti wameshika chai kwa mikono miwili. Kaka akapiga simu yuko Njombe na viazi vyake, kesho anafika. Sikumwambia Mama, na sikumuuliza kitu. Niliogopa jibu. Tangu siku ile ya simu hakuwahi kusema kwamba amebadili nia, na Mama ni mtu ambaye akisema neno, neno hilo linabaki pale pale mpaka litimie. Kaka akafika, akashusha viazi Majengo, akaosha gari, akaja nyumbani na koti jipya amemnunulia mama yake kwa ajili ya safari.

"Mama yuko wapi?"

"Kwa Mchinjaji."

"Kwa nani?"

Tulikwenda na gari, maana alisema wakitoka hapo wanaanza safari moja kwa moja. Begi la Mama lilikuwa chumbani kwake. Kaka aliniambia nilichukue. Nikamwambia achukue mwenyewe, kama ana moyo huo. Akalichukua.

Tuliwakuta uani, kwenye kijua kidogo kilichokuwa kimejitokeza. Mama na mke wa mzee walikuwa wanapukuchua maharage kwenye ungo mmoja. Mchinjaji alikuwa kwenye kigoda na kikombe cha maji mkononi, katikati ya maneno. Kaka, begi mkononi, akawaamkia wote shikamoo, akapokea marahaba zake, akavua kofia.

"Mama, gari liko tayari. Nimekuja kama ulivyosema."

Nilimgeukia Mchinjaji. Kama kulikuwa na siku ya ulimi wake, ni hiyo. Nilimwombea kwa Mungu aseme chochote, aseme Mngoni haendi popote, amwite kaka yangu jambazi, aanze habari za mikuki. Alikuwa anatazama chini. Midomo ilicheza kidogo, ikatulia. Akamwambia mkewe kwa sauti ndogo, "Hebu nipe maji."

"Yako mkononi, baba," mkewe akamjibu taratibu.

Akayatazama yale maji. Hakunywa. Miaka yote niliyomfahamu, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mzee yule anautafuta utani asiupate, nikaona na yeye anaogopa kile kile ninachokiogopa.

Mama aliendelea na maharage. Akamaliza ganda moja, akamaliza na la pili.

"Hilo gari lako," akasema, "nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Nimeshusha viazi vyote. Utakaa mbele na mimi, nimekuletea na koti."

"Koti nipe, baridi hii. Halafu nenda Madaba ukaniletee kitanda changu."

Kaka akauliza, "Kitanda?"

"Kile cha mninga, cha baba yako. Kule kwa dada yako nalalia kitanda kama cha hospitali, mgongo unaniuma. Na godoro. Na meza, kama itaenea. Ufunguo uko kwenye hilo begi ulilobeba, na begi urudishe ulikolitoa." Akageukia ungo wake. "Mnanitolea macho ya nini? Hamjawahi kuona mtu anahama?"

Mke wa mzee alikuwa ameshaanza kutokwa machozi, na safari hii sijui kama kilikuwa kicheko. Mimi nilimkumbatia Mama na maharage yake yote, yakamwagika, akanifokea kwa Kingoni kama nina miaka sita. Nilikuwa nacheka, nalia, naokota maharage.

"Na kile kitanda ni kizito," Mama akasema juu ya kichwa changu. "Mtoto hawezi kukibeba peke yake. We Myao, usijifanye umekufa hapo."

Tukageuka. Kigoda kilikuwa kitupu na kikombe kiko chini. Mchinjaji alikuwa keshapanda mbele kwenye pikapu, kofia yake imekaa upande, macho mekundu, anampigia kelele kaka yangu aje aendeshe gari, watafika Madaba saa ngapi.